Tumefika Salama: Je, Tuna Deni?



Mtu akirudi safarini, twamwuliza: "Habari za njia?" Akijibu, "Njema tu, hakuna neno," mazungumzo yamekwisha, na kila mmoja hurudia kazi yake. Lakini akisema kwamba motakaa ilikwama matopeni siku mbili, au kwamba daraja lilivunjika mbele yao, kijiji kizima huketi kumsikiliza mpaka moto uzimike. Siku mbaya ina masimulizi mengi. Siku njema haina.

Leo nataka kuwasimulia siku njema. Msitazamie ajali, wala wezi, wala simba. Nawasimulia kwa sababu siku hiyo ilinipa swali ambalo halijaniacha hata leo, nalo lafaa kuwazwa na kila mtu anayejitayarisha kupokea ubatizo: Je, mtu aliyefika salama ana deni? Na kama analo, anadaiwa na nani?

SAFARI YENYEWE

Ilikuwa mwezi wa Julai, nami nilikuwa nikitoka Kaniama kurudi Kamina. Ninyi mnaoijua Barabara ya Taifa namba 1 katika Haut-Lomami yetu mnajua hali yake wakati wa mvua, tangu Oktoba hata Aprili: udongo hunata na kuteleza, mashimo hujaa maji, na malori makubwa huzama hata matumbo yao yakagusa matope. Wakati wa kiangazi shida yetu huwa ni vumbi.

Tulilala karibu na basi ili tuondoke mapema. Usiku ule rafiki za dereva walimwita waende kunywa. Nilimsikia akiwajibu: "Hapana, kesho nina watu." Akajifunika blanketi, akalala. Alfajiri aliamka kabla yetu sote, akalizunguka basi lake akiwa na tochi mkononi. Aligonga magurudumu moja moja, akatazama maji na mafuta, akaingia chini ya gari akakaza kitu fulani, kisha akasimama akijipangusa mchanga. Wakati huo sisi tulikuwa tukigombania mahali pa kuweka mizigo.

Njiani tulikutana na vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mahindi, ambayo huyapeleka mbali kuyauza katika nchi ya Kasai. Dereva alipopiga honi, walitoka barabarani pamoja na mzigo wao wote, wakasimama majanini wakingoja tupite, nasi tukawaacha ndani ya vumbi letu. Mbele kidogo tulimkuta mzee mmoja na watoto wawili wakifukia shimo kwa udongo na mawe. Mzee alivua kofia, akanyosha mkono. Dereva alipunguza mwendo, akamtupia noti. Abiria wengine walicheka wakisema: "Nani aliyemwajiri?" Basi likapita juu ya lile shimo bila kutikisika.

Tulikula mihogo na karanga. Kina mama waliimba, na watoto walilala mapajani mwao. Gurudumu halikupasuka, wala injini haikuchemka. Kwa kweli, sikumbuki safari nyingine iliyokuwa laini namna ile.

Jua lilipofika katikati ya mbingu tulisimama katika kijiji kimoja. Hapo palikuwa na mtu mwenye cheo aliyetaka kusafiri, lakini viti vyote vilikuwa vimejaa. Msaidizi wa dereva alitazama huku na huku, kisha akamwendea baba mmoja mzee, mwenye koti lililochakaa na kuku wawili ndani ya kapu. Mzee huyo alikuwa amelipa tangu Kaniama. Akamwambia: "Baba, shuka. Utapanda gari la kesho." Mzee akaonyesha tikiti yake. Hakupiga kelele. Alitutazama sisi mmoja mmoja, mpaka alipotumaliza wote.

Hakuna aliyesema neno. Tulijua kwamba ugomvi ukianza tutachelewa, na kila mtu alitaka kufika kabla ya giza. Hata dereva wetu, yule mtu mwema, aliendelea kutazama mbele yake. Nami nilikuwa na rozari mkononi. Niliinamisha macho kama mtu anayesali, wala sikuwa nikisali.

Mzee akashuka. Kina mama wakaanza tena kuimba.

Tuliingia Kamina jua likiwa bado juu ya miti. Niliposhuka nilisema kwa sauti: "Tumshukuru Mungu, tumefika salama, hakuna neno." Mama mmoja mkatekumeni, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, akajitwika mzigo wake, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, na yule baba analala wapi leo?"

MAJIBU MATATU YASIYOTOSHA

Turudi kwenye swali letu. Mtu aliyefika salama ana deni? Watu wengi hujibu kwamba hana, nao hutoa sababu tatu.

Wa kwanza husema: "Ni bahati tu." Lakini bahati haikuikataa pombe usiku ule. Bahati haikuingia chini ya gari alfajiri. Neno hili latumiwa na mtu asiyetaka kuuliza zaidi, kwa sababu akiuliza ataona watu, na akiona watu itampasa kuwashukuru.

Wa pili husema: "Ni dawa." Mnajua kwamba wako wanaofunga dawa penye usukani, au kuvaa kitu shingoni. Gari likifika, husema dawa imefanya kazi. Likianguka, husema dawa ya adui ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa namna hii dawa haishindwi kamwe, wala haimfundishi mtu kitu chochote, na mwenye kuitegemea hatazami breki. Tujihadhari sisi pia. Medali ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, yatukumbusha kusali na kuangaliana. Tukiivaa kama dawa, tumebadili kamba tu. Shingo na fikira ni zile zile.

Wa tatu husema: "Nimelipa nauli yangu, sidaiwi." Jibu hili lina nguvu kuliko mengine, maana kulipa ni haki, na asiyelipa ni mwizi. Lakini fikirini vema. Yule mzee naye alikuwa amelipa. Kama nauli ndiyo iliyotufikisha sisi, mbona haikumfikisha yeye? Ni wazi kwamba tulibebwa na kitu kingine zaidi ya fedha zetu, naye alinyimwa kitu ambacho fedha zake peke yake hazikuweza kukilinda.

MIKONO TUSIYOIONA

Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alipoeleza muujiza wa mikate mitano alifundisha jambo la kushangaza. Alisema kwamba kuutunza ulimwengu wote kila siku ni kazi kubwa kuliko kuwashibisha watu elfu tano. Hata hivyo watu huistaajabia mikate, wala hawastaajabii mbegu chache zinazozaa mavuno mazima, kwa kuwa mavuno wameyazoea.

Ndivyo tulivyo njiani. Basi likipinduka nasi tukatoka wazima, twapiga magoti hapo hapo. Lisipopinduka, twadai mizigo yetu na kwenda zetu. Lakini ipi ni neema kubwa zaidi: kuokolewa katika ajali, au kutofikwa na ajali?

Sisi wa nchi hii hatuna ruhusa ya kuidhani safari salama kuwa jambo la kawaida. Tarehe 22 Aprili 2014 treni ya mizigo iliacha reli huko Katongola, kaskazini ya Kamina yetu. Tarehe 10 Machi 2022 nyingine ilianguka huko Buyofwe, katika Lualaba. Kila mara makumi ya watu walikufa, na kati yao wengi walikuwa wamepanda treni ya mizigo kama watu wasio na njia nyingine ya kusafiri. Nao walitazamia kufika.

Siku njema, basi, inajengwa na mikono mingi. Hesabuni pamoja nami: dereva aliyelala mapema, mzee aliyefukia shimo, vijana waliotupisha njia na kumeza vumbi letu, mama aliyechemsha mihogo usiku. Hata wafu wamo. Reli ya kutoka Bukama, ipitayo hapa Kamina na kwenda Port-Francqui, mji uitwao sasa Ilebo, ilifunguliwa mwaka 1928. Wazee waliochimba tuta lake na kubeba mataruma yake hatuwajui hata majina. Twapita juu ya jasho lao kama tulivyopita juu ya lile shimo, bila kutikisika.

Nyuma ya mikono hiyo yote uko mkono wa Mungu. Lakini angalieni: Mungu hatuletei ulinzi wake kwa kuwaweka watu kando. Mara nyingi huuleta kwa njia ya mtu aliyeitimiza kazi yake vema wakati hapakuwa na wa kumwona. Anayemshukuru Mungu na kumdharau dereva amepokea zawadi, kisha akamtemea mate mjumbe aliyeileta.

Tuwashukuru namna gani? Mtakatifu Thomaso wa Akwino, mwalimu mkuu aliyefariki mwaka 1274, alionyesha ngazi tatu za shukrani. Ya kwanza ni kuutambua wema uliotendewa. Ya pili ni kuusifu na kutoa asante. Ya tatu ni kuulipa, mahali na wakati unaofaa, kwa kadiri ya uwezo wako. Naye alifundisha kwamba utovu wa shukrani ulio mbaya kuliko wote ni kutoitambua kabisa zawadi, au kuisahau. Mtu asiye na faranga hata moja aweza kupanda ngazi mbili za kwanza. Asiyeiona zawadi hawezi kupanda hata ile ya kwanza.

Labda mtu atanipinga akisema: "Lakini wako wanaochimba mashimo usiku ili walipwe mchana kwa kuyafukia!" Ni kweli, wako, na huo ni wizi. Mwingine atasema: "Kutengeneza barabara ni kazi ya Serikali." Hilo nalo ni kweli, nasi tuna haki ya kuidai kazi hiyo. Lakini mzee yule nilimwona kwa macho yangu akibeba mawe. Sikumwajiri, kwa hiyo hawezi kunishtaki barazani. Deni la shukrani ni la namna nyingine. Hakuna hakimu awezaye kukulazimisha kulilipa, na kwa sababu hiyo hasa laonyesha jinsi moyo wako ulivyo.

YULE ALIYEBAKI NJIANI

Sasa nafika mahali panaponiuma.

Mnaujua mfano wa Msamaria mwema. Njia ya kushuka kutoka Yeruzalemu kwenda Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi, na mtu mmoja alilala hapo nusu mfu. Kuhani akapita kando, na Mlawi vilevile. Je, mmewahi kuwaza jinsi watu hawa wawili walivyofika? Nadhani walifika mapema. Nguo zao zilikuwa safi, mnyama wao hakuchoka, fedha zao zilikuwa kamili. Wenyeji wao walipowauliza habari za njia, walijibu kama nilivyojibu mimi: "Njema, hakuna neno." Msamaria ndiye aliyechelewa. Yeye alipoteza mafuta, divai, fedha na usingizi. Kati ya hao watatu, safari iliyoharibika ni ya Msamaria, na Yezu ametuagiza tuifuate hiyo.

Hapa twapata jibu. Ulaini wa safari hautoshi kutuonyesha kwamba ilikuwa njema. Yatupasa tuulize pia ulaini huo umelipwa na nani.

Mtaniuliza: "Je, abiria wote mle walitenda dhambi?" Sitawahukumu. Pengine mama mwenye watoto watatu aliogopa kuteremshwa naye. Pengine mwingine alikuwa na mgonjwa. Mungu anajua uzito wa kila mtu. Mimi najua moyo wangu tu. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa kuchelewa.

Ningeweza kufanya nini? Ningeweza kusema: "Msaidizi, baba huyu ana tikiti." Ni maneno matano. Labda yasingefaa kitu, lakini huenda wengine walikuwa wakingoja mtu wa kwanza. Ningeweza pia kuinuka na kumwachia mzee kiti changu, kwa maana nina nguvu kuliko yeye. Katika Misa twaungama hata mema tuliyoacha kuyatenda. Zamani sehemu hiyo niliipita upesi.

Mtauliza tena: "Mwalimu, je, shukrani yako ilikuwa ya uongo?" Haikuwa ya uongo, kwa sababu kweli Mungu alitulinda. Lakini mkumbukeni yule Farisayo hekaluni. Naye alimshukuru Mungu. Alishukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Mimi nilishukuru kwamba aliyeteremshwa si mimi. Sala hizi mbili ni ndugu.

Kesho yake nilikwenda mahali mabasi yanaposimama, mzee hakuja. Siku iliyofuata alifika juu ya lori la makala, na kapu lake lilikuwa tupu. Nikamwendea nikamwambia: "Baba, nilikuwamo katika lile basi. Niliona, nami sikusema." Alinitazama kitambo, akajibu: "Nilikuona. Ulikuwa na rozari."

Nikajua kwamba aliuza kuku wake ili apate nauli ya lori. Nikajua pia kwamba alikuwa akija kumzika mdogo wake, na kwamba maziko yalikuwa yamekwisha fanyika jana yake. Wenye basi ndio waliopaswa kumrudishia fedha zake kwanza, lakini sikutaka kujificha nyuma yao. Nilimpa kiasi cha nauli aliyoipoteza. Alizihesabu fedha, akazitia mfukoni, kisha akaniomba nimsindikize makaburini. Tulisimama pale pamoja, yeye akaweka mkono wake juu ya udongo mbichi. Nauli nimeirudisha. Maziko siwezi kuyarudisha.

TUFANYE NINI?

Kabla ya safari, salini kwa ufupi, kisha tazameni. Dereva akiwa amelewa, msipande, na waambieni wenzenu sababu. Kumwomba Mungu ulinzi na kupanda gari la mlevi ni kumjaribu Mungu.

Njiani, mfukiaji wa shimo apewe kitu kidogo, au asante, au mkono wa kumsaidia gari likisimama. Msimcheke. Na mwenye mzigo juu ya baiskeli mkumbukeni: barabara ni yake pia.

Mtu akionewa, semeni mapema na kwa upole, kabla moto haujawaka. Mmoja akisema, anaweza kunyamazishwa. Watatu wakisema, msaidizi wa dereva hukumbuka ghafula kwamba tikiti ni tikiti.

Mkifika, mshukuruni Mungu, kisha mshukuruni dereva kwa jina lake. Kama hamlijui, mwulizeni. Halafu angalieni kama kuna mtu aliyeanza safari pamoja nanyi naye hakufika.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Ni siku gani iliyopita vema katika juma hili? Taja watu watatu walioifanya iwe njema. Ni nani kati yao uliyemshukuru?

2. Je, yafaa kumpa fedha mtu anayefukia shimo barabarani, hata kama hatukumwajiri? Eleza tofauti kati ya deni la haki na deni la shukrani.

3. Ni wakati gani kunyamaza ni amani, na ni wakati gani kunyamaza ni kumwacha mwenzako? Toa mfano kutoka kijiji chako.

4. Swali la mwisho ni la yule mama, nami nawaachia mlijibu nyumbani jioni, kabla ya sala ya kulala: "Na yule baba analala wapi leo?"